Matangazo ya Mpira Kutoka Stoo ya Shangazi

"Wasikilizaji wapendwa popote mlipo, mijini na vijijini, nchi kavu na majini, leo historia inaandikwa."

Ndivyo nilivyofungua matangazo yangu kila Jumamosi saa kumi kamili alasiri. Wasikilizaji hao wa popote walikuwa watu watatu, na walikuwa wameketi hatua sita kutoka puani mwangu, upande wa pili wa pazia. Mtangazaji alikuwa stoo, juu ya gunia la vipande vya vitambaa, kipaza sauti mkononi, waya umepita chini ya pazia hadi nyuma ya redio kubwa ya Shangazi.

Naomba nisihukumiwe kabla ushahidi haujasikilizwa.

Shangazi ni fundi cherehani. Kwa miaka kumi na minne alishona jezi za Radi, timu ya mji wetu, hadi tajiri mmoja alipoinunua na kuihamishia kwao, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Mji ulilia wiki moja, kisha ukapata timu nyingine ya kupenda. Wakabaki watatu: Shangazi, fundi viatu wa mlango wa pili, na Mwalimu mstaafu, ambaye masikio yake yalistaafu kabla yake. Kila Jumamosi walifungua redio kwa sauti ya juu kabisa na kusikiliza mikwaruzo, maana kituo cha kule hakikutufikia. Walisikiliza mikwaruzo dakika tisini. Wakati wa mapumziko walipumzika.

Mimi shuleni, kule bweni, ndiye msomaji wa matangazo ya asubuhi. Nilipokuja likizo nikaiona mikwaruzo ile, nikaliona na tundu la kipaza sauti nyuma ya redio. Shetani hakuhitaji kunisukuma, alinikuta njiani. Nikaaga kwamba naingia stoo kujisomea.

"Mtoto wa kaka yangu ana bidii huyo," Shangazi akamwambia Mwalimu. "Msimsumbue."

Mechi ya kwanza niliwapa sare, nisije nikashtukiwa. Ya pili nikawapa ushindi. Baada ya hapo mkono ukazoea, na Radi ikapanda hadi kileleni mwa ligi. Mshambuliaji wetu mpya, Kiberiti, alifunga mabao tisa katika mechi nne, moja kwa kisigino huku amelala chini, na mechi ya nne nikammaliza akichechemea, goti limeumia.

Mtu mmoja tu alisema kweli katika mtaa ule, naye ni kinyozi wa ng'ambo ya barabara, aliyehamia timu nyingine siku nyingi.

"Dada, timu yako inaburuta mkia," alisema akiwa amesimama mlangoni. "Imekuacha, na bado inakuaibisha huko iliko."

Shangazi hakuinua macho. "Mwenye wivu hana habari, ana kidonda."

"Si wivu. Gazeti limeandika."

"Lilelile lililoandika kwamba timu kuhama ni maendeleo? Gazeti kwangu ni la kukatia vipimo vya suruali."

Kinyozi akaenda zake. Nami nilicheka hadi nikaangusha kitabu nilichokuwa sikisomi.

Wiki ya tano nilitoka kunywa maji, nikakuta mezani jezi kumi na sita mpya, kitambaa kizuri alichokificha sandukuni tangu timu iondoke. Mgongoni mwa kila moja alikuwa ameshonea herufi nyeupe: MABINGWA.

"Wiki ijayo napanda basi," Shangazi akasema, akikata uzi kwa meno. "Nitawapelekea mwenyewe kabla ya mechi ya mwisho. Wajue huku kwao hatukuwatupa."

Maji yalinipalia. Nilimwona Shangazi katika chumba cha timu iliyo ya mwisho kwenye ligi, akiwagawia jezi za mabingwa mmoja mmoja, kwa mikono miwili. Wangedhani amesafiri kutwa nzima kuja kuwacheka.

Muungwana angekiri papo hapo. Mimi nikaona ni afadhali timu ifungwe.

Jumamosi nikaanza kuiangamiza Radi. Dakika ya nane kipa aliteleza, bao likaingia. Dakika ya ishirini Kiberiti alipewa kadi nyekundu kwa kumtazama refa vibaya. La pili likaingia, la tatu likafuata.

"Anasema tunafunga au tunafungwa?" Mwalimu akauliza.

"Tunafungwa, Mwalimu," fundi viatu akamwambia. "Refa amehongwa."

"Tulieni," Shangazi akasema. "Muda bado upo."

Nikaona dawa haijakolea. Nikafumba macho, nikapaza sauti: "Ndugu wasikilizaji, hii si timu, hili ni genge la watu waliopotea njia."

"Kufungwa navumilia," Shangazi akasema. "Kutukanwa, hapana." Akaizima redio.

Mimi sikusikia. Nilikuwa uwanjani.

"Na goli la nne, ndugu wasikilizaji, kipa amelala kama mgeni aliyeshiba..."

Pazia likavutwa taratibu.

"Endelea," Shangazi akasema. "La nne limefungwaje?"

"Kwa kichwa," nikajibu.

Mwalimu alitutazama. "Redio imeharibika?"

"Redio nzima, Mwalimu. Mbovu ni huyu." Akanigeukia. "Radi iko nafasi ya ngapi?"

"Ya mwisho, Shangazi."

"Tangu lini?"

"Tangu ligi ianze."

Alikaa juu ya kiti cha cherehani. "Na lile la kisigino?"

"Nililitunga."

"Lilikuwa zuri," akasema. Halafu akanirushia jezi ya kwanza na wembe. "Kaa hapo. Fumua."

"Kwa hiyo huendi tena?"

"Nani kasema siendi? Timu ya kwanza ina watu wa kuishangilia. Ya mwisho ina nani? Tena tutakwenda wote. Utawaeleza wewe haya matundu ya sindano mgongoni yametoka wapi."

Herufi nane, jezi kumi na sita. Nilipofika jezi ya tatu, moyo ukanizidi, nikakiri na yale ambayo hakuna aliyeniuliza: kwamba sijawahi kuiona Radi ikicheza hata mara moja, na kwamba Kiberiti ni mpishi wa shuleni kwetu.

Fundi viatu akaweka nyundo chini. "Wiki nzima nimemwombea goti lake."

Nikakiri na goti.