Kofia ya Kalamu ya Bosi

Solenne Guivarc'h alikuwa na daftari, kalamu iliyofungwa kamba na amri moja tu: kisichoandikwa hakiingii, na kilichoingia sharti kitoke. Alikaa mlangoni pa bwawa la kinu cha nyuklia, mahali ambapo hata miwani hufungwa kamba shingoni kama mbuzi wa mnadani.

Alhamisi hiyo mafundi walikuwa wamemaliza kubadilisha fimbo za urani. Kilichobaki ni kukifunika kinu na kukiwasha, nusu ya jimbo ipate umeme wake. Lakini daftari liligoma. Lilisema: kalamu ya chuma, moja, na kofia yake. Kalamu ilitoka. Kofia haikutoka.

Mwenye kalamu ni bosi wa kazi, Bwana Thibaudeau.

"Binti, tia sahihi tufunike," alisema. "Kofia niliiacha ofisini."

"Kailete basi."

"Imepotea hukohuko ofisini."

"Iliingia humu saa mbili na dakika kumi, nimeiandika mimi. Au ilirudi ofisini kwa miguu?"

Ghislain, mzee wa winchi, alijikohoza kuficha kicheko.

Uso wa Thibaudeau uliiva. "Mkataba wako unaisha kesho. Na wa kukuandikia mwingine ni mimi. Unanisikia?"

Mkataba huo ndio uliomtoa Solenne kwenye kochi la dada yake, na kochi lile lilikuwa na springi moja yenye chuki binafsi.

Lakini alijua kilichomo humo chini. Kinu cha nyuklia, ukikivua majigambo yake, ni birika. Atomu za urani zinapasuka na kutoa joto; maji yanayopita kati ya fimbo yanalibeba joto hilo kwenda kuchemsha maji mengine; mvuke unasukuma mapanga kama ya feni, mapanga yanazungusha jenereta, na bibi mmoja kule Orléans anapasha supu yake. Sasa tia kofia ya chuma kwenye maji yale yanayokimbia. Itanasa kati ya fimbo, itatikisika, itasugua miezi na miezi mpaka itoboe ganda la fimbo, na uchafu wa urani uanze kusafiri na maji.

"Sitii," alisema. "Tia wewe. Nafasi ipo, na jina lako linaenea."

Akamsukumia daftari. Bosi akachomoa kalamu yake, ileile yenye kichwa wazi. Ncha ikasimama juu kidogo ya karatasi. Ikazidi kusimama.

"Inaona haya," Ghislain akasema. "Haina kofia."

Bosi akairudisha mfukoni. "Shusheni kamera," alinong'ona.

Waliipata jioni, chini kabisa kwenye maji ya buluu, inang'aa katikati ya mafungu mawili ya fimbo. Wote wakakodolea skrini macho. Kumtazama bosi hakuna aliyethubutu.

Ijumaa asubuhi, kofia ikiwa imeshaopolewa na kabla ya kifuniko cha kinu kushushwa, Thibaudeau alifika mlangoni na karatasi. "Mkataba wako. Miezi sita."

"Asante. Weka hapo."

Akainua mguu aingie. Solenne akanyoosha wake, akaziba njia.

"Pete."

"Ya ndoa hii! Miaka ishirini haijatoka kidoleni! Na jana si ulinipitisha nayo?"

"Jana nilikuwa nakuamini, bosi. Sabuni iko pale."