Kasian Aitukana Picha Aliyoipenda

Kasian alikuwa fundi saa mjini Iringa, na meza yake ilikaa barazani karibu na soko. Mkate wake ulitoka kwenye saa, lakini moyo wake ulikuwa kwenye picha za sinema za kutisha. Si zile zilizojaza ukumbi. Alipenda zile ambazo hakuna aliyepata kuzisikia, hasa zilizochanganya maiti na kicheko. Mwaka 1975 alipanda basi mpaka Mbeya, akapita Nyololo akitetemeka kwa baridi, ili aione picha moja ya namna hiyo. Ukumbini walikuwa watu kumi na mmoja. Wanne kati yao walikuwa wamekimbia mvua.

Picha ilimhusu mchimba makaburi wa mji mdogo, aliyekosa kazi tangu alipofika daktari hodari. Mchimba makaburi akaanza kumpelekea daktari zawadi ya uyoga wenye sumu. Daktari, kwa ukarimu, akawagawia wagonjwa, nao wakapona. Mwishowe mchimba makaburi akatumbukia katika kaburi alilolichimba mwenyewe, akavunjika mguu, na daktari akamtibu bure. Kasian alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Aliporudi Iringa aliwaambia rafiki zake kwamba hajaona picha ya kutisha kuliko ile. Wakamuuliza zimwi lilikuwa wapi. Akawajibu kwamba damu nyingi kwenye picha ni kama chumvi nyingi kwenye mboga: ujue mpishi anaficha kitu. Wakamhurumia.

Kwa kuwa alikuwa na mwandiko mzuri, Edmund, msimamizi wa ukumbi wa sinema wa pale mjini, alimpa kazi ya kuandika ubao wa nje. Kasian akaona amepewa mimbari. Picha ya kwanza aliisifu kwa mistari sita, wakaja watu tisa. Ya pili aliichukia, akaandika kwamba wafu wanakatwakatwa bila sababu, na kwamba mwanamke mmoja anakimbia na nguo ya kulalia kwa muda mrefu usiohitajika. Siku hiyo mlango wa ukumbi uling'olewa bawaba. Edmund hakuwa mtu wa kuelezwa jambo mara mbili. Tangu hapo alimwomba Kasian aandike chuki tu.

Ikatokea kwamba ile picha ya mchimba makaburi, ikiwa njiani kurudi Dar es Salaam, italazwa Iringa kwa Jumamosi moja. Kasian aliposikia hakula mchana. Edmund akamweleza kwa upole kwamba akiisifu wataitazama wao wawili.

"Kama unaipenda kweli," akasema, "itukane."

Kasian alifikiri siku tatu. Siku ya nne alishika chaki akaandika kwamba picha hiyo ni fedheha, inacheka msiba, na mtu mwenye wazazi asiikaribie.

Jumamosi alasiri ukumbi ulifurika. Walikuja wanakwaya wa Kilutheri, wakaja akina mama wa Kikatoliki, kila kundi likitaka kuhakikisha kwamba lile jingine halijaja. Walitazama mpaka mwisho wakisikitika na kutikisa vichwa. Kasian, aliyesimama nyuma, alibana kicheko hadi machozi yakamtoka, na jirani yake akamshika bega kumfariji. Mtu mmoja tu alicheka waziwazi. Alikuwa Rozalia, mhudumu wa chumba cha maiti hospitalini, aliyejiziba mdomo kwa khanga bila mafanikio.

Watu walipotoka walimpa Kasian mkono. Mzee Yotamu, mzee wa kanisa, alimshukuru kwa kuwaonya mapema, akamwomba siku moja aje kuzungumza na vijana juu ya kuchagua mema.

Jumatatu Rozalia alifika barazani. Hakuwa na saa ya kutengeneza.

"Kamwene," alimsalimu kwa Kihehe. "Ni wewe uliyeandika ule ubao?"

"Ni mimi, dada."

"Basi hujui picha."

Kasian akamweleza yote: safari ya Mbeya, uyoga, ushauri wa Edmund. Alieleza kwa haraka kama mtu anayeungama huku foleni ikimsubiri. Rozalia alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hujui picha, au ni mwongo? Chagua moja."

"Mwongo," Kasian akasema.

"Afadhali ungekuwa hujui. Asiyejua hufundishwa."

Akaenda zake. Kasian akaiweka kando saa aliyokuwa akiitengeneza. Ijumaa alimwambia Edmund kwamba tangu siku hiyo ataandika anachokiamini, au ubao utafutiwe mtu mwingine. Edmund akampa wiki moja, kwa heshima ya mwandiko wake.

Picha ya Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya mjane aliyemweka mumewe kabatini ili asiwaharibie ndugu sikukuu. Kasian aliisifu ubao mzima. Walikuja watu kumi na wawili, na Rozalia alikuwa mmoja wao, amekaa peke yake mbele. Walicheka yeye na Kasian, kila mmoja mahali pake, na mara nyingi si kwa wakati mmoja.

Jumatatu Edmund alimpa ubao mwalimu mmoja mwenye mwandiko mbaya na chuki nyingi. Lakini Jumamosi ile, mlangoni, Rozalia alikuwa amemsubiri Kasian.

"Leo umesema kweli," alimwambia. "Ila umeisifu mno. Maiti hakai kabatini siku tatu akabaki vile."

Kasian akapinga: picha si hospitali. Walibishana kuteremka barabara yote hadi lango la hospitali, na walipofika, hakuna aliyekuwa amekubali kushindwa.