Unakunywa Kiasi Gani?

Yule daktari kijana hakuniuliza kama nakunywa pombe. Aliniuliza nakunywa kiasi gani.

"Sinywi," nikamwambia.

"Mama, ukificha hatuwezi kukusaidia."

Nilikuwa nimetoka Nansio kwa meli, tumbo limejaa maji mpaka abiria mmoja akanipisha kiti na kunipongeza kwa ujauzito. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa na miezi miwili tu, ujauzito mwingine ungetoka wapi? Mwanza wakanilaza. Wakapima kichocho, maana sisi wa Ukerewe tukivimba tumbo jibu linajulikana kabla ya kipimo. Hakuna. Wakapima homa ya ini. Hakuna. Picha ikaonyesha ini limevimba, basi wakaona kilichobaki ni gongo.

Mimi Sihaba gongo sijawahi hata kuionja. Lakini daktari hanijui, simlaumu sana. Aliyeniumiza ni Nurudin, mume wangu. Alipokuja kuniona, alidhani nimelala, akainua kikombe changu cha uji akakinusa, kisha akakirudisha taratibu. Nguvu za kugombana sikuwa nazo.

Aliyekuwa akiniuguza ni mama yake, Bi Fadhila. Jioni moja alinishika mkono akaninong'oneza.

"Kubali, mwanangu. Waambie ulikuwa unakunywa, hata kidogo, wapate kukutibu. Mungu atakusamehe, na mimi sitamwambia mtu."

"Nikubali nisichokifanya, mama?"

"Upone. Ukifa, watoto wale nitawalea na nani?"

Alikuwa analia. Nampenda mama huyu, na ndiyo maana nilitamani kurusha bakuli ukutani.

"Nikifa, nife na jina langu," nikamwambia. "Kupakaziwa nimekataa."

Akasema nina kichwa kigumu. Ninacho, kweli.

Kesho yake akapita daktari bingwa, Dokta Teodora, mama wa makamo ambaye miwani ilikuwa imemshuka puani. Alianza na swali lile lile, nikamkatiza.

"Shikamoo, dokta. Nikikudanganya kwamba nakunywa, utanipa dawa gani?"

"Marahaba. Nitakwambia uache."

"Sasa niache nini?"

Yule kijana aliyesimama nyuma yake akaguna. Dokta Teodora alivuta kiti akakaa.

"Haya, tuseme hunywi. Tumbo lilianzaje?"

Swali hilo hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nikamweleza kwamba lilianza ghafla, likajaa ndani ya wiki moja, na chini ya mbavu za kulia nilikuwa nachomwa kama kwa kisu. Akasema pombe kwa kawaida haina haraka namna hiyo. Mchana ule ule akanirudisha mwenyewe kwenye kipimo cha picha na kunionyesha kioo cha mashine. Damu inayotembea hutokea kwa rangi, nyekundu au buluu. Kwenye mishipa inayotoa damu katika ini langu hapakuwa na rangi yoyote, palikuwa peusi tu.

"Damu imeganda hapa," akasema. "Inaingia kwenye ini, haina pa kutokea. Ni ugonjwa wa nadra, na kujifungua kunaweza kuuchochea. Tulitazama ini, mishipa hatukuitazama. Utusamehe."

Nililia pale pale kwenye kitanda cha kipimo, kwa hasira na kwa furaha.

Nikaanzishiwa sindano za kuzuia damu isizidi kuganda, kisha nikapelekwa Dar es Salaam, ambako walipitisha mrija mwembamba shingoni wakauzibua mshipa mmoja. Tumbo likanywea. Nurudin aliniomba radhi kwa kile kikombe, nikamwacha asubiri kidogo ndipo nikamsamehe. Mama mkwe yeye hakuomba radhi.

Yeye ndiye aliyenisindikiza Mwanza kuchukua vidonge vya kuzuia damu kuganda, ambavyo huenda nitavimeza maisha yangu yote. Binti wa dirisha la dawa alitueleza vizuri: damu ipimwe mara kwa mara, na mboga za majani nisile nyingi leo halafu kesho niziache kabisa, maana huvuruga nguvu ya dawa. Kisha akaniangalia.

"Na pombe, mama, unakunywa kiasi gani?"

Nikafungua mdomo. Bi Fadhila akanisukuma kando kwa kiwiko, akainama mpaka paji lake likagusa kioo cha dirisha.

"Binti, uliza vizuri," akasema. "Uliza kwanza kama anakunywa."

Binti akababaika. "Samahani, bibi. Anakunywa?"

"Hanywi," akajibu mama mkwe wangu, kwa sauti ya kusikika foleni nzima. "Hajawahi."