Mayai ya Bunju

Mwaka wa njaa, sabini na nne, mahindi yalipoungua kwa jua mpaka kwao Rangwi, milimani, Kornelio alirudi kutoka mkutano wa chama Tanga na samaki mnene aliyemkausha kwa moshi. Alimkamata mwenyewe maji yalipokupwa, katika dimbwi lenye majani ya bahari kando ya matumbawe. Alipomgusa, samaki alimeza maji akavimba kama mpira, miiba midogo ikamsimama mwili mzima.

"Mbona hana magamba?" aliuliza mkewe, Jenoveva, akimgeuzageuza.

"Nyama ni nyama. Mayai mpe mama."

Mama yake Kornelio, Marta, aliyala yote kwa ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada. Vyombo havijaoshwa, akasema midomo inakufa ganzi. Kisha vidole. Miguu ikakataa, ulimi ukakataa, akalala macho wazi bila kupepesa.

Kornelio alimwinua mkono, ukaanguka. Alilia sana. Jenoveva akamfunika mama mkwe kanga usoni.

Baadaye, wakiwa wamekaa kando ya kitanda, Kornelio, ambaye ndiye balozi wa nyumba kumi, alisema kwa sauti ya chini, "Sasa shamba lake la bondeni, alilokataa kulitoa, litaingia katika la kijiji. Katibu wa chama hatanisumbua tena."

Jirani yao Mwanaidi, aliyeolewa hapo kutoka Kigombe, pwani, alisikia msiba akaja. Jikoni aliona kichwa cha samaki, meno yameungana kama mdomo wa kasuku.

"Nani amekula bunju?"

Hakungoja jibu. Aliondoa kanga, akaweka kioo puani mwa Marta. Kikapata ukungu, hafifu sana.

"Sumu yake iko kwenye maini na mayai, na moto hauiondoi," alisema. "Inamfunga mtu viungo. Masikio inayaacha."

"Anatusikia?" aliuliza Kornelio.

"Kila neno."

Kornelio alitoka nje.

Mwanaidi na Jenoveva walipokezana kumpulizia Marta pumzi mdomoni, mpaka kidole kimoja kikatikisika. Kesho yake jioni alikunywa uji. Kornelio alipiga magoti.

"Mama, sikujua kama ni sumu."

"Najua hukujua," alisema Marta, ulimi bado mzito. "Lakini nilikusikia."

Alipopata nguvu alihamia bondeni, akajijengea kibanda katikati ya migomba yake. Katibu alipokwenda kupima shamba alimkuta mlangoni, panga magotini. Kornelio alisimama nyuma ya katibu, akitazama chini.