Siku Mkwe Alipokatiwa Umeme

Fundi aliyesimamia umeme wa jua pale kijijini alikuwa mwanamke, na mama mkwe wake, aliyeishi naye nyumba moja, alikuwa na mashine ya kuangulia mayai. Kwa muda mrefu mambo hayo mawili hayakugongana. Kisha mawingu yakatanda juu ya paneli, mvua ikashika kasi, na betri zikashuka mpaka taa ya kibanda cha mitambo ikawa nyekundu.

Kanuni ilijulikana. Chaji ikipungua, umeme unabaki kwenye friji ya chanjo pale zahanati na kwenye pampu ya maji, basi. Kijiji kizima kilikuwa kimeipigia makofi kanuni hiyo, siku ambayo jua lilikuwa linawaka.

Fundi akamzima kinyozi, akazima kinu, akazima nyumba moja moja. Ikabaki swichi ya nyumba yake. Aliitazama kidogo, akaizima nayo, akaenda nyumbani kupika.

Mama mkwe alikuwa amekaa mbele ya mashine yake kama aliyefiwa.

"Mwanangu, umenikatia umeme mimi?"

"Nimewakatia watu wote, mama."

"Mimi si watu wote. Mimi nimemzaa mumeo."

Mume, aliyekuwa mlangoni, akakumbuka ana kazi shambani.

Mama mkwe hakugombana. Aliyafunga mayai kwenye blanketi, akayakumbatia kifuani, akaenda zahanati kukaa nyuma ya friji, mahali penye joto. Nesi akamuuliza anaumwa nini.

"Mimi mzima. Hawa ndio wamekatiwa umeme."

Nesi akamwambia friji inahitaji hewa, asogee. Akasogea, lakini si sana. Wajawazito waliokuja kliniki walimsalimia, na mmoja akaomba kuyashika mayai. Fundi alipopita kukagua friji, mama mkwe aliangalia ukutani. Jambo hilo lilimuuma fundi kuliko matusi aliyotukanwa na kinyozi siku ya kuzimiwa umeme.

Jua likarudi, vifaranga wachache wakatoka. Mayai mengi yalikuwa yameharibika. Mama mkwe aliyazika nyuma ya nyumba, na fundi akamsaidia kuchimba.

Mkutano ukaitishwa. Kinyozi akasema fundi ana kiburi, aondolewe. Mwenye kinu akaunga mkono. Wengine wakaanza kuguna kukubali. Fundi akawa anaangalia viatu vyake.

Mama mkwe akainuka taratibu, akijishika kiuno.

"Huyu binti alinikatia umeme mimi, mkwewe, nikiwa na mayai," alisema. "Sasa wewe kinyozi, unataka akuonee haya wewe kama nani?"

Kinyozi alifikiri. Kisha akakaa.

Mwenyekiti akauliza kama kuna hoja nyingine. Mtu akauliza kuhusu mbwa wanaolala chini ya paneli, wakalijadili hilo mpaka jioni. Njiani kurudi nyumbani, mama mkwe alimpa fundi mkoba wake ambebee. Ulikuwa mzito, na fundi akaubeba mpaka nyumbani.