Watu wa Ukurasa wa Arobaini na Moja

Siku ya Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, Gasaro alikuwa amepiga magoti kwenye ngazi za soko jipya la Umoja, akipima upana wake kwa mara ya tatu, ndipo watu mia sita walipoingia mlangoni. Utepe ulisema mita moja na sentimita ishirini, kama ulivyosema jana. Akasogea ukutani ili wapite.

Walipanda wawili wawili. Wote walikuwa na kimo kimoja, nguo za rangi ya majivu na mikono mitupu. Hakuna aliyebeba mtoto mgongoni, hakuna aliyechechemea, hakuna aliyesimama kwenye kona kuvuta pumzi. Kati ya mmoja na mwenzake palikuwa na nusu mita, isiyozidi wala kupungua. Gasaro ndiye aliyeichapa ripoti ya jengo lile kwa vidole vyake mwezi uliopita, na ripoti ilikuwa imepigwa muhuri jana yake, kwa hiyo aliwatambua mara moja. Walikuwa watu wa ukurasa wa arobaini na moja.

Soko lenyewe liko juu kidogo ya mpaka wa Rusizi ya Kwanza, upande wa Rwanda. Ukiegemea dirisha la ghorofa ya tatu unaziona nguo zilizoanikwa Bukavu. Ramani ya kwanza ilikuwa na ngazi mbili. Kisha mahali pa ngazi ya pili pakawa duka la simu la shemeji wa Karangwa, mwenye jengo, na kwa kuwa ngazi haiwezi kupita katikati ya duka la simu, ikabidi itafutwe namna ya kuishi bila hiyo ngazi. Namna hiyo aliipata injinia Muhigirwa, mkuu wa Gasaro kazini.

Muhigirwa alieleza kwamba kanuni za moto za zamani huuliza jengo lina ngazi ngapi na milango mipana kiasi gani. Njia mpya haiulizi hayo. Huuliza neno moja tu: watu watatoka kabla moshi haujashuka usawa wa pua? Ukionyesha kwa hesabu kwamba watatoka, jenga upendavyo. Njia hiyo si mbaya, na penye watu waangalifu imefanya mema mengi. Lakini sheria ni msumeno, na msumeno nao hufuata mkono wa fundi.

Wala Muhigirwa hakuwa mtu mbaya. Aliimba kwaya, na hesabu zake zilikuwa safi. Ukurasa wa arobaini na moja ulisema: watu mia sita, mwendo wa mita moja nukta mbili kwa sekunde, wanatoka wote kwa dakika nne na sekunde sita. Moshi unafika kwenye pua dakika ya tano. Zinabaki sekunde hamsini na nne, na hizo alimwachia Mungu.

"Chef, na mabalo ya bamama?" Gasaro alikuwa amemuuliza, mikono juu ya kompyuta.

"Muzigo haina miguu," Muhigirwa alijibu bila kuinua kichwa. "Kitu haina miguu hatuihesabu."

Gasaro akachapa. Alikuwa amezaliwa Bukavu, akalelewa katikati ya mabalo, marobota makubwa ya vitenge, akalala juu yake utotoni. Alijua kabisa alichokuwa anakiacha nje ya ukurasa, na hata leo ukimuuliza atakuambia kwamba alijua.

Mji uliwapokea wageni bila maneno mengi. Maafisa wa mpaka hawakuwatafuta kwenye madaftari yao, kwa kuwa hawakuvuka popote. Mchungaji mmoja alitaka kujua kama wamebatizwa. Kilichowaudhi wanawake wa soko ni kitu kimoja tu: wale watu hawakusalimia. Walisimama kwenye vyumba na vijia vyote tangu asubuhi hadi jioni, kila mmoja kwenye eneo lake la mita mbili za mraba, wakitazama mbele. Wakapewa jina, batu ba Muhigirwa, na biashara ikaendelea kupangwa.

Meza za chini ziliisha siku ya kwanza ya kugawa. Mama mdogo wake Gasaro, Odette, aliyekuwa akivuka kutoka Bukavu kila siku na balo la vitenge, alipata meza ya ghorofa ya tatu, mwisho kabisa wa kijia, mbali na ngazi. Odette alikuwa amevunjika nyonga miaka mitano kabla, naye hupanda ngazi kama mtu anayegombana na kila kidato. Gasaro alipima njia yake kutoka mezani hadi uani. Bila mzigo, dakika saba. Na balo, dakika kumi na moja. Hakulala vizuri tena tangu siku hiyo, kwa maana mama yake alikuwa amekufa na huyu ndiye aliyebaki.

Akaiomba tume ya kukagua jengo ifanye jaribio na wachuuzi wenyewe kabla soko halijafunguliwa. Mwenyekiti wa tume, Maman Gaju, alikubali kwa moyo mweupe.

King'ora kikapigwa saa nne. Juu ya mlango mkubwa palikuwa na kibao cha kijani kilichoandikwa SORTIE, yaani njia ya kutokea. Sasa, mtu aliyezoea kuvuka mpaka kila siku ya Mungu anajua sortie ni nini: ni mahali pa kuonyesha karatasi. Wanawake walifunga mabalo yao, wakashuka bila haraka, wakafika chini ya kibao, wakatoa karatasi zao kifuani na kupanga mstari. Wa kwanza alisubiri mtu wa muhuri. Hakuna aliyekuja. Naye hakutaka kupita bila muhuri na kujitafutia matatizo, kwa hiyo mstari ukarudi nyuma hadi ghorofa ya pili, kwa utulivu na heshima kubwa. Wa mwisho alitoka dakika ya ishirini na mbili. Wa mwisho alikuwa Odette.

Tume ikanywa maji, ikajaribu tena na watu wa majivu. Dakika nne na sekunde sita.

"Hawa ba pili banafuata raporo," Maman Gaju alisema, akigonga ripoti kwa kidole. "Ba kwanza habafuate."

"Maman, ba kwanza njo batu ba soko," Gasaro alisema.

"Nimeona. Lakini tuko tunahakikisha raporo."

Cheti cha usalama kikatolewa siku hiyohiyo. Kwa wachuuzi tume ilipendekeza semina ya siku moja, ambamo walifundishwa kutembea mita moja nukta mbili kwa sekunde, mikono mitupu, wakiachiana nusu mita. Odette alihudhuria. Alicheka mpaka akashika nyonga.

"Mama mudogo, moto ikiwaka uache balo," Gasaro alimwambia walipokuwa wakitoka. "Unasikia? Uache."

"Nikiacha balo nitarudia Bukavu na nini? Na mikono?" Odette alisema. "Wewe umesoma, Gasaro. Lakini hata siku moja haujabebaka kitu ya kulisha batoto."

Gasaro akamsindikiza hadi mezani kwake. Akamwendea mmoja wa watu wa majivu, mwanamke aliyesimama karibu na meza ya Odette, akamwomba kwamba siku ya hatari amshike mama yake mdogo mkono. Yule mwanamke alisikiliza hadi mwisho. Alizungumza Kiswahili cha kwenye karatasi.

"Samahani," alisema. "Mikono yangu ni ya kuonekana tu. Jedwali la ripoti lilinipa mwendo peke yake."

Soko likafunguliwa. Muhigirwa akampa Gasaro kazi ya usalama: meza ndogo karibu na mlango, saa ya kupimia, na zoezi kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Kila mara ilikuwa dakika nne na sekunde sita. Barua za Gasaro kuhusu ngazi ya pili zilijibiwa kwa adabu, na nakala ya cheti ikiambatanishwa.

Jumatano moja ya Agosti, saa nne na robo, magodoro ya sponji yalishika moto ghorofa ya kwanza. Mtu alikuwa amechemshia chai juu ya imbabura yake ya makaa. Haikuwa siku ya zoezi, lakini king'ora kilipolia mkono wa Gasaro ulichukua saa wenyewe, na miguu ikampeleka uani. Mazoea yana taabu. Akasimama mahali pake, akaanza kuhesabu.

Watu wa majivu walishuka wawili wawili. Ngazi ilikuwa imepigiwa hesabu ya watu mia sita na mia sita waliijaza, upana wote, kwa hiyo wachuuzi walisubiri juu na mabalo yao hadi wapite. Hawakusukuma. Walioandikwa walikuwa na haki ya kutangulia.

"Bametimia?" kiongozi wa kikosi cha moto cha jengo alimuuliza, mpira wa maji begani.

Gasaro alitazama saa. Alitazama safu.

"Bametimia," akasema.

Neno lilikuwa limeshatoka. Kikosi kikashukuru, kikageuza maji kwenye magodoro, na hakuna aliyepanda. Dakika ya tano moshi ulishuka usawa wa pua, kama ilivyoandikwa. Ndipo wachuuzi walipoanza kutoka, wakikohoa, macho yakitiririka, wengine wakiburuta mabalo kwa kamba. Gasaro aliangalia kila uso. Odette hakuwamo.

"Mama mudogo iko juu!"

Kiongozi alifungua karatasi yake, akapitisha kidole. "Mia sita. Hakuna mwenye amebaki."

Gasaro alimpita mbio. Alimkuta Odette kwenye kona ya ghorofa ya pili, ameketi juu ya balo lake, kitambaa mdomoni, akipumzisha nyonga. Hakubishana naye. Kubishana kungechukua sekunde nyingi kuliko kubeba, na Gasaro alijua idadi yake. Akajitwika balo kichwani, akamshika mkono, wakashuka kidato kwa kidato. Walifika uani dakika ya kumi na tatu. Mlinzi aliwaomba wasimame pembeni kidogo, kwa sababu mahali pa kukusanyikia palikuwa pameshajaa.

Odette alifariki Jumapili kwa moshi aliouvuta, hospitalini Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Gasaro alilia hadi sauti ikakauka. Mbele ya watu wote alisema kwamba yeye ndiye aliyesema bametimia, na watu wakamwambia nyamaza, ni kazi ya Mungu. Ripoti ya tukio iliandika kwamba hakuna aliyepoteza maisha: jedwali liliishia dakika ya kumi, naye Odette alifia siku ya tano, nchi nyingine.

Muhigirwa alivuka kuja kuzika. Alilia kweli, machozi ya mtu mzima, akamshika Gasaro mikono yote miwili.

"Nitamutia ndani ya raporo," alisema. "Asisahaulike."

"Na ngazi, chef?"

"Kule kuko magasin ya simu, Gasaro. Unajua."

Ripoti mpya ilipigwa muhuri mwisho wa mwezi. Ukurasa wa arobaini na moja sasa ulikuwa na watu mia sita na mmoja.

Alhamisi iliyofuata Gasaro alipiga king'ora saa nne, akasimama uani na saa yake. Walishuka wawili wawili. Odette alikuja peke yake, nyuma ya wote. Alikuwa amerefuka kiasi cha kiganja ili alingane na wenzake. Nyonga ilikuwa imenyooka, mikono mitupu, na alitembea vizuri sana.

"Mama mudogo," Gasaro alisema.

Huyu alikuwa mtu asiyeweza kumpita jirani bila kuuliza habari za nyumba nzima mpaka za mbuzi. Alipita, akaacha nusu mita yake, akasimama kwenye safu akitazama mbele. Gasaro akabonyeza saa. Dakika nne na sekunde sita. Akaandika: waliotoka, mia sita na mmoja, waliobaki, hakuna. Ghorofa ya tatu, mama aliyepewa meza ya Odette alikuwa bado anafunga balo lake.