Binti Aliyeamriwa Asikue

Barua ilifika Jumanne, mama akiwa anaanika nguo. Alizima redio, akamwita binti yake wa miaka saba, wakasimama wima sebuleni, mikono ubavuni. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya nyumba za askari: barua ya kutoka vitani ilisomwa kwa adabu ile ile ya kusomewa amri. Baba aliandika kwamba yu mzima, kwamba buti zinambana, na mwishoni: "Mwambie mwanangu asikue mpaka nirudi."

"Ndiyo, afande," mtoto alijibu, kama alivyofundishwa. Akaacha kukua.

Alama za penseli kwenye mlango wa jikoni ziligota pale pale. Shati la shule lilipauka bila kumbana, na meno ya utotoni yakagoma kung'oka. Akili haikuwa imepewa amri yoyote, kwa hiyo iliendelea na safari yake. Alipanda darasa kila mwaka, akikalia matofali ili afikie dawati. Mdogo wake, aliyekuwa tumboni siku baba anaondoka, alizaliwa, akamfikia, akampita, akaanza kumrithisha viatu.

Jeshi lilifurahi kupita kiasi. Ofisa wa ustawi alikuja na mpiga picha, akasema laiti familia zote zingekuwa na moyo huo, bajeti ya sare za watoto ingepumua. Alimpa mtoto pipi.

Mama alikwenda ofisini kuuliza amri kama hiyo inatenguliwaje.

"Anayetengua ni aliyeitoa," karani alisema. "Mwandikie mzee."

Mama akaandika kwamba mtoto hajaongezeka hata inchi moja, kwamba analia akijitazama kwenye kioo, na kwamba tafadhali amruhusu akue. Barua ikapita kwanza kwa mkaguzi, mtu makini, mwenye chupa kubwa ya wino mweusi. Vipimo ni siri ya kivita, akavifuta. Machozi huvunja moyo wa askari, akayafuta pia. Baba alipata "Mume wangu mpendwa" juu na "Watoto wanakusalimu" chini, akajibu kwamba amefarijika sana kusikia nyumbani ni shwari. Mama aliandika tena na tena, na baba akafarijika tena na tena.

Baba alikuja likizo binti akiwa na miaka kumi na sita. Jeshini likizo haihesabiwi kuwa kurudi, kwa hiyo amri ilikuwa bado imesimama. Wenzake binti walikuwa wanajiandaa kwa mahafali, wanapimana viatu vya visigino. Yeye alimngoja baba mlangoni, nguo imepigwa pasi, ombi amelikariri. Alitaka kukua mpaka mifupa ikamuuma.

Baba alimsalimia mkewe, akampa mkono binti mdogo akidhani ni mtoto wa jirani. Alipomwona mkubwa, aliangusha begi, akapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama yangu. Kila kitu kimebadilika, wewe tu nimekukuta vile vile." Alikuwa analia.

"Baba, naomba ruhusa ya kukua."

"Kwani nani kakukataza?"

"Wewe. Kwenye barua."

Baba alikuna kichwa. Alikuwa ameandika mengi. "Ule si utani tu wa baba? Utakua, mama, nitakuruhusu. Ila si wiki hii. Acha nikufaidi kwanza, siku ya kuondoka nitakwambia."

Wiki nzima alimbeba mabegani, akimtembeza kambini, majirani wakipiga makofi. Binti aliona aibu, alikasirika, na alikuwa amemkosa baba kwa miaka mingi mno kiasi kwamba hakumwomba amshushe.

Jumatatu lori lilikuja mapema kuliko ilivyoahidiwa. Baba alibusu watu harakaharaka, akapanda, akiwa amesahau. Binti alilikimbiza akiita, lakini alikuwa na miguu ya miaka saba, na dereva alikuwa na ratiba. Baba alimwona anavyokimbia. Alifurahi sana, akampungia mkono mpaka kwenye kona.